Mada: Ombi la kibali limerudishwa, medikali inaisha Aprili. Nianzie dirisha gani?

Kutoka: Kip, Sakina
Jumatatu, saa 3 usiku

Wakubwa wa kundi, shikamooni. Tunaolingana, mambo.

Mimi ni mgeni humu kwenye kundi la Wakenya tulio Arusha na Moshi, niliingizwa na anti yangu Mama Chebet. Nina CPL (leseni ya urubani wa biashara) ya KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, pamoja na IR ya kuruka kwa vyombo, masaa mia mbili na kitu kwenye logibuku, karibu yote ya injini moja. Nilimaliza mafunzo uwanja wa Wilson, Nairobi, mwaka juzi na tangu hapo ni kusambaza CV tu. Sasa kuna kampuni ndogo ya Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, imesema itanipa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ya Caravan kuanzia Juni, kambi za watalii zikifunguliwa, mradi karatasi ziwe tayari. Wakaingiza ombi la kibali cha kazi mtandaoni, wakapata kontrol namba, wakalipa.

Leo nimeitwa kwenye ofisi moja (siitaji, nimesoma kanuni za kundi). Ombi limerudishwa. Kampuni ieleze kwa nini kiti hicho hakikai Mtanzania, na iambatishe leseni inayotambuliwa na TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania. Nikaenda kwingine kuulizia habari ya leseni, nikaambiwa nilete kwanza kibali. Yule dada wa dirishani alikuwa mpole kabisa, akanionyesha hata benchi nikae nifikirie.

Swali langu ni moja tu: naweza kuomba uthibitisho wa leseni na kufanya mtihani wa sheria za anga kabla kibali hakijatoka? Na medikali ya daraja la kwanza (cheti cha afya cha rubani), nikaifanyie Nairobi au hapahapa? Nina pesa ya kuilipia mara moja.

Ada ya shule ilitoka sacco ya baba. Wadhamini wake ni walimu wenzake, na sasa makato yameanza kuingia kwenye mishahara yao. Kwa hiyo naomba majibu ya waliopitia, si ya waliosikia.

Kutoka: Muraya wa Vipuri
Jumatatu, saa 4 usiku

Karibu Kip. Hayo ni maswali mawili.

Watu wetu wanaogopa bure. Soko la pamoja la EAC lilianza Julai 2010, na makao makuu ya jumuiya yenyewe yako hapahapa mjini. Mwana Afrika Mashariki anafanya kazi popote. Chukua nakala ya itifaki ya soko hilo, igonge muhuri, rudi nayo dirishani. Mimi mambo yangu ya vipuri niliyanyoosha kwa barua tu.

Wakati unasubiri usikae bure. Fungua kibanda cha kutuma pesa pale Sakina, watu ni wengi. Au ongoza watalii, Kiingereza unacho.

Kutoka: Mama Chebet, Njiro
Jumanne, saa 12 asubuhi

Muraya, mtoto wa watu asije akalala ndani kwa ushauri wako.

Itifaki hiyo wote tumeisoma. Kila nchi iliorodhesha kazi ilizofungua, na Tanzania ilifungua chache. Hata kwa hizo chache kibali kinabaki palepale: cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, halafu cha ukaazi daraja B kinatoka Uhamiaji. Sheria ya 2015 ya kuajiri wageni inamkamata anayeajiri na anayeajiriwa wote wawili. Na anayeomba ni mwajiri. Kip hata akiwa na nakala kumi za itifaki, si yeye mwombaji.

Hayo ya kibanda na watalii ndiyo yamenikosesha usingizi. Ulikuwa wapi Julai 2025? Amri ilitoka, biashara 15 haziruhusiwi kwa asiye raia: kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii, udalali wa nyumba, saluni isiyokuwa ndani ya hoteli au ya kitalii. Rafiki yangu wa Kijenge alifunga saluni wiki ileile, na mashine za kukaushia nywele ziko sebuleni kwangu mpaka leo. Anayezitaka aseme.

Kip, ugali upo. Usione haya kuja jioni, na usianze kuhesabu.

Kutoka: Mzee wa Ngaramtoni
Jumanne, saa 2 asubuhi

Nimekaa na ndege maisha yangu yote, upande wa spana, kwa hiyo nitajibu upande wa spana.

Kwanza, karatasi hizi ni mbili na watu wanazichanganya. Kuna uthibitisho: TCAA wanaitambua leseni yako ya KCAA ili urushe ndege yenye namba ya 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania. Halafu kuna kubadilisha, yaani kupewa leseni mpya ya hapa kabisa. Leseni ya 5Y, ya Kenya, peke yake haikupi ruhusa ya kushika 5H, hata ikiwa mlima mnaouzunguka ni uleule.

Pili, uthibitisho hauwezi kuishi kuliko leseni iliyouzaa. Hiyo ni kanuni ya ICAO, shirika la anga la dunia, haikutungwa Dar wala Nairobi. Leseni ya kwenu ikilala, na huu wa hapa umelala. Kwa hiyo hata hapa wakikukubalia kesho, medikali ya KCAA usiiache ife.

Tatu, na hili hutalipenda. Caravan imepasishwa kuruka na rubani mmoja. Kampuni inayoweka wawili inafanya vizuri, abiria wanapenda kuona watu wawili mbele, lakini kisheria kiti cha kulia mara nyingi si cha lazima. Sasa jiweke kwenye nafasi ya karani. Anaulizwa amlete mgeni akalie kiti ambacho ndege inaweza kwenda bila kukaliwa, na vijana wa Kitanzania wenye CPL na masaa kama yako wako nje hapo Kisongo wanasubiri na bahasha. Hakuonei. Kampuni ikiandika barua ya maana, ieleze njia zake, viwanja vya mbugani kama Kogatende na Seronera, na kwamba bima yake inadai rubani wa pili. Bima ndiyo inayoamua masaa katika kazi hizi.

Enzi zetu kijana wa masaa mia mbili alikwenda Loki (Lokichoggio) kwenye ndege za misaada ya Sudan, au alishika za miraa. Alfajiri pale Wilson ndege zilikuwa zinajaa magunia mpaka mlangoni, zinaondoka Mogadishu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeuliza CV. Somalia ilipofunga Machi 2020 wengi walikaa nyumbani hadi Julai 2022. Nina marafiki waliojengea nyumba majani yale.

Medikali ni kila miezi sita, usisahau. Na hakikisha una kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, la sivyo hata ukipata kazi hupakii abiria.

Kutoka: Atieno, Moshi
Jumanne, saa 7 mchana

Mzee wangu, kwa heshima zote. Miezi sita ni kwa aliyefikisha 40 na anabeba abiria wa kulipa akiwa rubani peke yake, na kwa waliofikisha 60. Chini ya 40 ni miezi 12. Kip hata 30 hajafika. Tusimwongezee gharama ambayo haipo.

Na hiyo miraa tusiichangamkie sana kwenye barua zinazosomwa na kila mtu. Upande huu inaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya, mashamba yake yanafyekwa huko Same kila mara. Kuna kijana wa kwetu alivuka mpaka wa Holili na kishada mfukoni akidhani ni mzaha.

Kip, mimi ni mhasibu, urubani siujui, ila sacco naijua. Usisubiri. Baba aende ofisini kwao wiki hii na barua ya kuomba deni lipangwe upya, muda mrefu zaidi na rejesho dogo. Mdhamini akishaanza kukatwa, baba anapoteza marafiki kabla hajapoteza pesa. Hata ukimtumia baba elfu mbili za Kenya kwa mwezi, zitumie, na wale walimu uwapigie simu wewe mwenyewe. Watu wanavumilia deni, kimya hawakivumilii. Kaka yangu alisomea mambo ya meli Mombasa, hadithi ni hiihii. Alikaa ndani miaka akisubiri kuitwa, akawa hapokei simu ya mtu yeyote, na siku alipoitwa karatasi zake nusu zilikuwa zimekwisha muda.

Kutoka: Muraya wa Vipuri
Jumanne, saa 8 mchana

Mimi nashauri tu. Kip akitaka kwenda Nairobi kwa medikali apitie Namanga, ni kituo kimoja cha mpaka siku hizi, unamalizana na pande zote mbili ndani ya jengo moja. Kitambulisho kinatosha, huhitaji pasi.

Kutoka: Atieno, Moshi
Jumanne, saa 8 mchana

Muraya jamani. Wanaovukiana kwa kitambulisho ni Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Pasipoti au hati ya kusafiria, na igongwe muhuri kwenda na kurudi. Mtu ambaye faili lake liko mezani asionekane amevuka bila muhuri.

Kutoka: Muraya wa Vipuri
Jumanne, saa 9 alasiri

Sawa mwalimu.

Lakini tuseme ukweli. Kila siku ni sisi tunaoambiwa tulete karatasi. Januari 2024 si mliona? Nairobi ikainyima ndege ya mizigo ya huku ruhusa, Dar nayo ikatangaza kuifungia KQ (Kenya Airways) isibebe abiria kati ya Nairobi na Dar. Siku mbili tatu wakubwa wakapigiana simu, yakaisha. Hakuna aliyeambiwa akae kwenye benchi. Jumuiya ni ya wenye simu.

Kutoka: Baba Mwende, Usa River
Jumanne, saa 10 jioni

Na kwetu je? Mtanzania akija Nairobi na CPL yake anapokewa na matarumbeta? Wivu uko pande zote mbili. Nairobi penyewe watoto wetu wenye leseni wanaendesha teksi za programu. Kila mzazi aliuza ploti ampeleke mtoto Wilson na hakuna aliyeuliza ndege ziko ngapi. Mimi wangu nilimkatalia, akalia, sasa ni fundi wa majokofu na ndiye anayenitumia pesa. Agosti 2027 tunapiga kura, mtaona nani atazungumzia ajira ya vijana na nani atagawa fulana.

Kutoka: Msimamizi
Jumanne, saa 11 jioni

Siasa za kwetu na za wenyeji wetu, tafadhali, kule kwenye kundi la Ijumaa. Hapa ni karatasi na maisha. Mara ya mwisho mada ya bima ya gari iliishia kwenye katiba.

Kutoka: Mama Chebet, Njiro
Jumanne, saa 1 usiku

Asante Msimamizi. Baba Mwende, kijana ameshasoma, hajakuomba ploti.

Kip, nilikuwa natoka Kilombero jioni, ndege moja ikapita chini ikienda kutua Kisongo. Nikajikuta nimesimama na kikapu naitazama mpaka ikapotea, na nyanya zinadondoka. Mama yako tulilala kitanda kimoja Eldoret tukiwa wasichana. Alinipigia juzi, akaniuliza kama unakula, nikamwambia unakula. Umekonda. Kesho uje, nimepata mursik kutoka kwa mtu aliyetoka nyumbani, na sukuma ya kukatwa nyembamba, si hii ya huku wanayoikata kama wanakata kuni.

Kutoka: Mzee wa Ngaramtoni
Jumanne, saa 2 usiku

Dada Atieno, nimekubali hiyo ya 40. Mimi niliwafahamu marubani wazee wazee.

Kip, nina jamaa mwenye hanga, injini ya ndege ya Cessna 206 iko chini inafunguliwa. Njoo ushike tochi, ujue ndani kukoje. Rubani anayejua injini anasikia ugonjwa mapema.

Kutoka: Mama Chebet, Njiro
Jumanne, saa 2 usiku

Akishika tochi kwenye hanga ya mtu bila kibali ni kazi au si kazi? Akija mkaguzi atajibu nini? Mzee, mfungulie kitabu chako kwenye baraza la nyumba yako, amsomeshe mjukuu wako hesabu. Hanga aiache.

Kutoka: Kip, Sakina
Jumatano, saa 1 asubuhi

Nashukuru wote. Baba amekubali kwenda sacco Ijumaa, na mwalimu mmoja nimempigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Kilimanjaro inaonekana leo.

Kampuni nimewapa wazo la barua ya bima, wanasema wataiandika wakipata nafasi. Medikali nimeelewa, nitaifanya Nairobi kwa KCAA. Na IR nayo ina jaribio lake la mwaka, hiyo sijui nitailipia na nini, lakini tuende moja baada ya jingine.

Bado swali la kwanza. Kuna yeyote humu, au mtoto wake, au jirani yake, aliyekubaliwa kufanya mtihani wa sheria za anga wa TCAA kibali kikiwa bado? Maana nikisubiri kibali, Juni itapita, na wao watachukua mtu mwingine kabla ya msimu wa Julai.

Kutoka: Atieno, Moshi
Jumatano, saa 3 asubuhi

Jibu la swali hilo mimi sina. Ila jirani yangu anaendesha hadi Nairobi Jumamosi, atapita Arusha saa 12 asubuhi, Namanga, na kurudi Jumapili. Uchangie mafuta tu. Simama stendi ya Kilombero na pasipoti mkononi.

Kutoka: Baba Mwende, Usa River
Jumatano, saa 3 asubuhi

Kama kuna gari, Kip naomba majani ya chai ya Kericho, kilo mbili. Pesa nakutumia sasa hivi.

Kutoka: Mama Chebet, Njiro
Jumatano, saa 4 asubuhi

Na unga wa wimbi. Na uende kwa shangazi yako Kasarani ulale, usilipe chumba.

Kutoka: Muraya wa Vipuri
Jumatano, saa 4 asubuhi

Hiyo gari ni ya aina gani? Ina nafasi ya gia boksi moja, si kubwa sana?