Tumelipa pauni 35 kila mtu kwenda mji wa Shrewsbury, Uingereza, tumeambulia dakika 40 bustanini!

Wakuu, nimerudi nyumbani usiku huu nimefura, acha niandike kabla sijalala.

Basi lilikuwa liondoke Birmingham saa mbili asubuhi. Likaondoka saa nne na robo, kisa tunamsubiri ndugu yake mratibu wa safari. Njiani tukashushwa kwenye maduka ya nguo, jambo ambalo halikuwepo kabisa kwenye tangazo, tukakaa hapo zaidi ya saa tatu. Bustani ya Quarry tumeingia saa tisa na nusu alasiri. Saa kumi na dakika kumi honi inapigwa, turudi!

Nilikuwa na mama mkwe, amekuja kututembelea kutoka Moshi. Mama anauza miche ya maua, ndiyo iliyomsomeshea mke wangu. Tulimteremsha taratibu hadi Dingle, lile bonde la maua katikati ya bustani. Kwenye tuta la kwanza tu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akainama kuangalia begonia zilivyobanwa hadi udongo hauonekani. "Baba, hawa wanapanda kwa nafasi gani?" Sijamjibu, honi hiyo.

Nilipolalamika, mratibu akaniambia mbele ya mama, "Bustani ni bustani tu, bro, hata kwetu zipo."

Bustani tu? Hapo Dingle palikuwa shimo la machimbo ya mawe! Percy Thrower, aliyekuwa mkuu wa bustani za mji ule kuanzia 1946 hadi 1974, ndiye aliyepafanya watu wapafuate toka mbali. Zile njia zenye miti pande zote mbili zilipandwa mara ya kwanza 1719. Ilipozeeka, ni yeye aliyesimamia kuikata na kupanda mingine. Sanamu yake imo humo humo Dingle, na hatukuifikia. Mto Severn wenyewe, unaozunguka mji karibu wote, mama ameuonea dirishani.

Nimeomba nirudishiwe nusu ya nauli zetu wawili. Jibu lake ni kunitoa kwenye grupu la WhatsApp. Mliokuwa siti za nyuma mliona kila kitu, jitokezeni hapa mseme.

Na wewe mratibu, najua unasoma. Pauni 35 hizo nazitaka kabla ya Alhamisi, mama anapanda ndege Ijumaa. Nitamkatia tiketi ya treni nimrudishe bustanini mwenyewe.