Mgeni kaandika "wound up", mimi nikabeba begi la huduma ya kwanza. Naombeni msaada na hivi vitenzi vya kingereza

Chalii_wa_Sakina
Wakuu kwema? Mimi ni kijana wa hapa Chuga (Arusha), nimeanza mlima Kilimanjaro kama mpagazi, nimebeba sana mizigo ya watu, sasa hivi namshukuru Mungu ni msaidizi wa muongoza wageni. Kingereza changu cha njiani kipo vizuri tu, pole pole, drink water, watch your step, hapo hunipati. Shida yangu ni hivi vitenzi vya maneno mawili matatu ambavyo mwalimu alikua anaviita phrasal verbs, na hasa vile mzungu anavyotumia akishaharibikiwa.

Mwezi uliopita tulikua na wageni wawili, mtu na mkewe, wamelala Moshi mjini, sisi tuko geti la Machame toka asubuhi, mizigo imeshapimwa, vijana wamekaa kwenye majani wanapiga stori. Kwenye saa nne na nusu ikaingia meseji kwenye simu ya kazi: "Sorry, we wound up at the wrong gate." Sasa mimi wound naijua toka form two, ni kidonda. Nikasema Mungu wangu hawa wameumia, tena wote wawili, nikanyakua begi la huduma ya kwanza nikampigia bosi nikamwambia tuna majeruhi, bosi akaanza kutafuta gari ya kuwawahisha hospitali, na mimi huku nishaanza kuuliza nani ana damu grupu gani, yani nilichachamaa. Bosi kuja kumpata dereva hewani, dereva anasema majeruhi gani, wageni wako hapa Marangu wanakunywa kahawa, wanashangaa mbona hawaoni mtu.

Kumbe dereva aliambiwa geti akasikia M tu akaenda zake Himo, akakunja kushoto. Toka siku hiyo mlima mzima naitwa Daktari. Ningecheka na mimi ila jumatatu nina intavyuu ya kampuni nyingine na yote ni kingereza. Nishakutana pia na "roped into", "fell through", "stuck with" na "let ourselves in for". Mtu anavikaririje hivi vitu?

Mangi_Kibosho
😂😂😂 Daktari pole sana. Usijione uko peke yako, kuna mzee mmoja mgeni wangu alichelewa kumpigia mke wake akaniambia "I'll land in hot water", kumbe anamaanisha ataingia matatani. Nikamwambia sawa boss, kesho nakupeleka kwenye chemchemi ya Chemka, beba na nguo ya kuogelea. Alicheka mpaka akakaa chini. Na Chemka yenyewe mnaijua, maji ni vuguvugu tu.

Teacher_Njiro
Mdogo wangu, usijilaumu, hilo neno ni mtego hata kwa waliosoma. Maandishi ni yale yale ila ni maneno mawili tofauti. Kidonda kinatamkwa kama "wuund". Hilo la mgeni wako linatamkwa "waund", ni wakati uliopita wa "wind", na hiyo wind nayo sio upepo, inatamkwa "waind". "Wind up" mahali maana yake ni kuishia mahali ambapo hukupanga. Angekutumia voice ungesikia tofauti, tatizo alikuandikia. Na ukipata Muingereza akakwambia "you're winding me up" ujue anasema unamtania, usimkimbilie na bandeji.

Wewe kwenye kuongea tumia "end up", maana ni ile ile na haina mtego wa matamshi. Ila hapa ndo wengi wanapoanguka: wanasema "I ended up to pay". Kosa. Ni "I ended up paying". Njia rahisi ya kukumbuka ni kufikiria neno letu la kujikuta. Unasema "nilijikuta nalipa", husemi "nilijikuta kulipa", si ndiyo? Sikio lako linaikataa hiyo ya pili. Basi na "end up to" ikatae hivyo hivyo. Ikifuata sehemu unasema "ended up in Marangu" au "at the gate", ikifuata kitu unasema "ended up with", kama umeagiza ndizi nyama ukaletewa wali.

Halafu usidhani ni ya mabaya tu. "We ended up having a great time" ni sawa kabisa.

Kijenge_Juu
Teacher hiyo ya kujikuta angalia usije mchanganya, huku mtaani "anajikuta" ni mtu anajiona matawi ya juu 😂

Teacher_Njiro
Kijenge nimesema kujikuta unafanya kitu, wewe na wanaojikuta wenzako kaeni pembeni 😄

Mama_K_Moshi
Mwanangu mimi nina vyumba vichache vya wageni huku Moshi, kingereza sikukisoma sana, nimekiokota mezani kwa kuwasikiliza wakinywa chai na kulalamika. Nikwambie ninavyovishika mimi, mimi naangaliaga kosa ni la nani. Mzungu akisema "I got myself into this" hapo anajilaumu, ndo sisi tunasema nimeyakanyaga. Akisema "I got roped into it" kuna mtu kamvuta, hakutaka, kaombwa ombwa mpaka kakubali, hakuna kamba yoyote hapo wala hamna anayening'inia. Mgeni wangu mmoja alikuja kupanda mlima sababu dada yake kalipia watu wawili kabla hata hajamuuliza, kila asubuhi roped into, roped into, nikaishika. "Fall for" ndo kuingia mkenge, dalali kakupamba na maneno ukatoa hela. Na "stuck with" ni pale wenzako wameshatawanyika wewe umebaki na mzigo.

Hiyo "let ourselves in for" ni kuingia choo cha kike kwa hiari yako, ulikubali mwenyewe ila hukujua ukubwa wa jambo. Utaisikia sana kwa wanaorudi kutoka kileleni, anakaa hapo kwenye ngazi anavua buti anaangalia vidole vyake anasema "I had no idea what I was letting myself in for". Ukisikia hiyo mpe maji ya moto ya kukanda miguu, usimuulize kitu.

Chalii_wa_Sakina
Mama shikamoo, yani hapo kwenye kosa la nani nimeelewa kuliko miaka yote minne ya sekondari. Na "fell through"? Mgeni alisema "our safari fell through", nikamuuliza mmeanguka wapi.

Mama_K_Moshi
Marahaba mwanangu. Hiyo hamna aliyeanguka, ni mpango umeyeyuka. Safari imeota mbawa.

Dereva_KIA
Mimi napingana kidogo na nyie. Mnampa dogo mzigo wa maneno na intavyuu ni jumatatu. Kuongea aongee nyoofu, "the driver took them to the wrong gate", nani hataelewa? Mimi nina miaka kumi barabarani, siku moja nilimpakia mama mmoja pale karibu na Mnara wa Saa, ndege yake ndogo ya Serengeti inaondokea Kisongo, mimi nimezoea wageni wa KIA, ule uwanja wa Kilimanjaro, nikapiga moto kuelekea huko. Tumefika Usa River ndo anauliza mbona uwanja uko mbali, aliambiwa ni nusu saa haifiki. Kuangalia tiketi, Arusha Airport. Niligeuza gari pale pale. Nilimwambia "sorry mama, my mistake, wrong airport", maneno hayo tu, na tipu alinipa.

Teacher_Njiro
Dereva uko sahihi kwenye kuongea. Ila yeye hakukwama kwenye kuongea, alikwama kwenye kuelewa meseji, na wageni hawatapunguza maneno kwa ajili yetu. Chalii, jitahidi uvitambue vyote, wewe mwenyewe tumia "end up" tu, inatosha. Na jumatatu wakikuuliza changamoto uliyowahi kupata kazini usitafute nyingine, toa hiyo hiyo ya getini. Hebu iandike hapa tuione.

Chalii_wa_Sakina
Haya najaribu msinicheke. "My guests ended up at Marangu gate instead of Machame. I misunderstood the message and I ended up to call"... ngoja... "ended up calling my boss for an ambulance. Now I always call the guests first to confirm."

Teacher_Njiro
Umejikamata mwenyewe katikati. Safi sana.

Mangi_Kibosho
Daktari ukipata kazi twende Chemka. Ila kule kampuni mpya si hawalijui hilo jina, utalikimbia.

Chalii_wa_Sakina
Wapi bro, wapagazi ni wale wale, juzi nimekutana na mmoja wao stendi kapaza sauti Daktariii watu wote wakageuka. I'm stuck with it.