Tupeane uzoefu: ni lini kifo cha mhusika kimekuwa cha haki mezani kwenu?

Ndugu zangu mnaoendesha na mnaocheza michezo ya uigizaji ya mezani, salaam. Huu ni mwaka wangu wa nne wa kuendesha Dungeons & Dragons hapa Minnesota, mchezo ambao mwendeshaji husimulia hadithi, kila mchezaji huigiza mhusika wake, na dadu huamua matokeo. Juma lililopita mhusika wa mchezaji wangu mmoja alikufa katika pambano la kwanza kabisa, na tangu usiku ule najiuliza kama nilimtendea haki.

Wahusika wote walikuwa wa kiwango cha kwanza, yaani wanaoanza, na mchawi wake alikuwa na pointi 7 tu za uhai. Goblini, vijitu waovu wa hadithini, waliokuwa wamejificha vichakani waliwavamia njiani. Nikarusha dadu ya pande 20 mbele ya wote kwa pigo la goblini mmoja dhidi ya mchawi, ikatua kwenye 20. Kwa kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, dadu za madhara za pigo la namna hiyo hurushwa maradufu, kwa hiyo nikarusha dadu mbili za pande 6, zote zikaonyesha 6, na pamoja na nyongeza ya 2 jumla ikawa 14. Pointi 7 za kwanza zilimwangusha, na 7 zilizobaki zilikuwa sawa na uhai wake wote, hali ambayo kanuni haimpi mtu hata nafasi ya kurusha dadu ya kujinusuru. Pigo kama hilo hutokea mara moja katika 720. Kijana wa watu alikuwa ameandika kurasa mbili za historia ya ukoo wa mchawi wake. Aliikunja karatasi ile polepole, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, asiseme neno.

Dadu sizilaumu. Kinachoniuma ni kwamba hawakupewa dalili yoyote ya hatari, wala hakuna uamuzi wao uliowafikisha pale. Naomba mniambie yaliyowakuta ninyi.

Mchangiaji kutoka Nairobi:

Mkuu, malalamiko haya ni ya tangu mwanzo wa mchezo wenyewe, tena yalianzia huko huko uliko. Dave Arneson, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, alipokuwa akiendesha Blackmoor, ulimwengu wa hadithi aliouunda, kwao Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1970, alianza na kanuni za michezo ya vita ambazo pigo moja lilitosha kuua, na wachezaji waliokwisha kuwapenda wahusika wao hawakuridhika. Akachukua wazo kutoka kwenye michezo ya vita vya majini, ambamo meli hustahimili mapigo kadhaa kabla ya kuzama, akawapa binadamu ustahimilivu huo. Kwa hiyo pointi za uhai tunazozihesabu leo zilitokana na watu kudai haki.

Yangu ni kinyume cha yako. Kwa takriban miaka miwili nilirusha dadu nyuma ya kizuizi cha karatasi ngumu, na kila palipokuwa na kifo nilichakachua, nikiamini kwamba nawalinda. Siku moja mchezaji aliyebakiwa na pointi 3 alimwendea joka bila ngao, akiwa anatafuna karanga. Nilipomuuliza kama ana hakika, akajibu kwa upole kabisa: "Nina hakika, kwa sababu hutaniua." Wenzake wakaangalia chini, nikafahamu kwamba walikuwa wanajua siku nyingi. Ushindi wote niliokuwa nimewapa ulikuwa hauna thamani kwao. Kizuizi kile nimekiondoa, na sasa zamu ya joka ikifika, meza yote husimama kuitazama dadu.

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Mimi naomba tusimsahau mtu aliyekaa kitini. Niliwahi kumzamisha mhusika ziwani, nikaeleza kwa kirefu maji yalivyomwingia kifuani, kumbe mchezaji mwenyewe alifiwa na kaka yake baharini. Kwa kanuni sikukosea hata moja, lakini dada yule alitoka nje na hakurudi. Tangu hapo, kabla ya hadithi yoyote kuanza, kila mmoja huandika kwenye kikaratasi kisicho na jina mambo asiyotaka kukutana nayo, na mezani pana kadi yenye alama ya X ambayo yeyote akiigusa tunaliacha tukio hilo bila kumhoji.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam:

Nimecheza Tomb of Horrors, hadithi ya kaburi lenye mitego ambayo Gary Gygax, mwasisi mwenza wa mchezo huu, aliitumia kwenye mashindano ya mwaka 1975 na kuichapisha mwaka 1978. Mwendeshaji alitutahadharisha mapema kwamba pale watu hufa, akatutaka tuje na wahusika wa akiba. Kuna uso wa shetani wa kijani ukutani, mdomo wazi, ndani giza tupu. Mwenzetu alipenyeza fimbo, ikatoka ikiwa imekatika. Mimi, kwa pupa, nilikuwa nimekwisha kusema kwamba natambaa kuingia, na nikakataa nilipoulizwa kama nasubiri kuiona fimbo. Nilipoteza mhusika niliyemlea miezi saba, na sikuwa na kinyongo hata kidogo, kwa sababu njia ya kuipima hatari ile ilikuwa mbele yangu.

Mwenye mada:

Nawashukuru sana. Juzi tulikutana tena, nami nikaweka dalili nilizopaswa kuziweka mwanzo: majivu yenye joto kando ya njia, nyayo ndogo zinazoishia vichakani, na punda aliyegoma kuendelea. Walijadiliana karibu dakika ishirini, kisha wakachagua njia ndefu ya mlimani, ingawa ingewagharimu siku mbili na chakula chao kilikuwa kinakwisha. Kijana wangu amekuja na mhusika mpya, dada wa yule mchawi. Katika orodha ya mizigo yake, juu ya kamba na mwenge, ameandika: "barua ya kaka, imekunjwa".