Tupeane uzoefu: samaki wa tangini akiugua, ulijuaje anaumwa nini na ulimtibu vipi?

Mwana wa Chuda (mleta mada):
Wakuu, salamu kutoka Tanga. Nina tangi la lita 80 sebuleni. Mwezi wa saba, kusi limevuma usiku kucha, asubuhi nakuta samaki wangu wadogo aina ya gapi wana vidoa vyeupe mwili mzima kama walionyunyiziwa chumvi, wanajikuna kwenye mawe. Jirani akanishauri nipasulie humo tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Nikapasua kapsuli mbili. Maji yakageuka njano, povu juu, siku ya tatu nimeshazika kumi na mmoja. Baadaye ndio najua kwamba vile vidoa ni kimelea, si bakteria, dawa ile haikigusi. Nyie yamewakuta yapi?

Fundi Makorora:
Pole mkuu. Huo nimepigana nao mara tatu. Kidoa unachokiona kimejificha chini ya ngozi ya samaki, humo dawa haikifikii. Kikikomaa kinadondoka chini, kinajigawa, kinatoa vitoto mamia. Vile vitoto vikiwa vinaogelea kutafuta samaki ndipo chumvi inaviua. Sasa mtu anaona vidoa vimetoweka siku ya nne, anaacha tiba, wiki ijayo anarudi kulia hapa. Mimi natia gramu 2 kwa lita, kidogo kidogo kwa siku mbili, naendelea wiki mbili nzima. Joto napandisha taratibu hadi nyuzi 30 ili mzunguko wa hivyo vimelea uende mbio, na pampu ya hewa naongeza, maana maji ya moto hayashiki hewa nyingi.

Binti Raskazone:
Mimi mnicheke tu. Bahari ipo mlangoni, nikaona chumvi ya kununua ya nini? Tangi la lita 40, nikatoa lita 10 nikarudishia ndoo ya maji ya bahari. Samaki wangu aina ya moli wakadunda kama wamerudi kwao. Wale kambare wadogo wa chini wakalala ubavu. Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita, pigeni hesabu: karibu gramu 9, mara nne ya kipimo cha Fundi! Wawili niliwaokoa kwenye beseni la maji baridi yasiyo na chumvi.

Mdau wa Ngamiani:
Fundi, hapo kwenye joto ongeza tahadhari. Wangu alikuwa na kama pamba mdomoni, nikadhani ni ukungu, nikawasha hita. Siku mbili, kwisha. Kumbe kuna bakteria wanaofanana na ukungu kabisa, na joto ndilo linalowachochea.

Mzee wa Chumbageni:
Wanangu, mbona hamwanzi na maji? Mwaka jana wangu walikuwa wanahema juu juu, matamvua mekundu kama pilipili. Nimenunua dawa ya kwanza, ya pili, hola. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, sponji ya filta unaoshea wapi?" Nikamjibu bombani, tena nasugua hasa. Akacheka. Klorini ya bomba inaua bakteria wazuri wanaokaa kwenye sponji, wale wanaokula amonia ya mavi na mkojo wa samaki. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nawafagia, halafu nawapa samaki dawa ya kutibu sumu niliyowatilia mwenyewe! Nilibadilisha nusu ya maji kwa maji yaliyolala ndooni siku nzima ili klorini itoke, chakula nikakata siku mbili. Hakufa tena hata mmoja. Sponji sasa naikamua kwenye ndoo ya maji yaleyale ya tangini.

Mwana wa Chuda:
Shikamoo mzee. Mimi pia naoshea bombani, na nilivyo mtu wa usafi! Na yule wa dhahabu aliyevimba magamba yakasimama kama nanasi, ana tiba?

Mzee wa Chumbageni:
Marahaba. Huyo figo zimekwenda, mwanangu. Mtenge. Mara chache mno wanapona.

Mwana wa Chuda:
Nimemtenga. Ndoo mbili ziko uani toka jana, magharibi nabadilisha maji. Kapsuli zilizobaki nimemrudishia jirani.