Naomba ushauri: solde (mauzo ya bei ya punguzo) za mwisho wa mwaka Lubumbashi, punguzo ni la kweli?

Jambo wandugu. Frigo imeandikwa dola 400, imekatwa mstari, sasa 280: eti punguzo la asilimia 30. Lakini kama mwezi wa kumi iliuzwa 300, punguzo halisi halifiki hata asilimia 7. Kwenye Umoja wa Ulaya, tangu 2022, bei ya zamani inayotangazwa lazima iwe ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Huku mnunuzi anajilinda mwenyewe.

Kuna pia kiwango cha kubadilisha pesa. Duka likihesabu dola moja kwa faranga 100 zaidi ya wabadilishaji wa barabarani, ukilipa kwa faranga, kwenye hiyo 280 unaongeza faranga 28.000. Hii wengi hawaioni kabisa. Kwa televisheni, linganisheni namba yote ya modeli: herufi moja ya mwisho inaweza kumaanisha matundu machache ya HDMI (ya kuchomeka waya wa dekoda).

Naomba wanaofuata bei za mjini wanisaidie: ni bidhaa gani hushuka kweli? Januari ni nafuu kuliko Desemba? Na garanti ya kitu cha solde, mnadai iandikwe kwenye faktiri, au muhuri wa duka unatosha?