Ukanda wa ndani, dawa ya pancha au tairi nene? Wa baiskeli za umeme Arusha na Moshi, semeni

MoshonoKwetu

Wakuu, habari za majukumu. Tangu Machi natumia baiskeli ya umeme yenye mota kwenye habu ya nyuma, yaani katikati ya gurudumu, matairi ya inchi 26 kwa 2.1. Asubuhi natoka Moshono kwenda kazini Njiro, jioni narudi, na Jumamosi napeleka trei za mayai Kijenge. Baiskeli yenyewe sina ugomvi nayo, mlima naumaliza shati likiwa kavu. Ugomvi ni pancha. Tangu kiangazi kianze nimepata saba, tano za nyuma.

Ya mbele si kitu. Ya nyuma ni msiba. Ukate vibana vya waya, uchomoe plagi ya mota, ulegeze nati namba 18 pande zote mbili, ukumbuke washa ipi ilitangulia ipi, na hapo baiskeli ya kilo 27 iko miguu juu kando ya barabara, watoto wamekuzunguka wanauliza kama nayo inaweka petroli.

Nimeambiwa kuna ukanda wa plastiki unaolazwa kati ya tairi na tyubu, wengine wanauita laina. Mwingine kasema nimimine dawa ya pancha nisahau. Wa tatu tyubu nene, wa nne matairi yasiyo na upepo kabisa. Hela niliyonayo inatosha kosa moja tu. Mliotumia, nisaidieni.

Meru4566

Kabla ya dawa, ugonjwa. Hizo pancha saba zilisababishwa na nini? Tundu lilikuwa upande gani wa tyubu?

MoshonoKwetu

Hapo umenishika mkuu. Fundi aliziba, nikalipa, nikaondoka.

Meru4566

Basi siku nyingine usiondoke. Kabla tyubu haijatolewa, weka alama kwenye tairi palipo na valvu. Ijaze upepo, tafuta tundu, kisha ilaze juu ya tairi vilevile ilivyokuwa ndani. Tundu likiwa upande unaokanyaga barabara, ni mwiba, msumari au waya. Hiyo ndiyo kazi ya ukanda.

Ukiona matundu mawili yamekaa sambamba kama umeumwa na nyoka, upepo ulikuwa mdogo, ukagonga jiwe au ukingo wa lami, ringi ikaibana tyubu. Ukanda hapo hauna la kufanya. Tundu likiwa upande wa ringi, angalia ncha za spoki na ule utepe unaozifunika.

Halafu kuna ya valvu, na hii wenye mota za nyuma tunaipata sana bila kuijua. Tairi likiwa na upepo mdogo, mota ikivuta kwa nguvu ringi inazunguka, tairi linabaki nyuma kidogo kidogo na tyubu yake. Valvu inaanza kulala upande. Siku moja inapasuka kwenye shina, mtu anasema tyubu za siku hizi feki. Ukiona valvu imeinama, toa upepo, inyooshe, jaza upya kama inavyosema pembeni ya tairi.

Na ujaze kwa geji. Mafundi wetu wengi wanapima kwa dole gumba. Kwa baiskeli ya kawaida dole gumba linatosha, kwa kilo 27 pamoja na wewe na mayai halitoshi.

Fundi_Kilombero

Vijana, mimi niko kwenye baiskeli tangu enzi za Phoenix. Ukanda si kitu kigeni. Tulikuwa tunachukua tairi kuukuu jembamba, tunakata zile waya za pembeni, tunalilaza ndani ya tairi jipya. Mbigili haipiti ng'o. Ukija hapa Kilombero hata leo nakufanyia, lakini kwa baiskeli ya umeme sikushauri. Linaongeza uzito, na ukifika kilomita 30 kwa saa unasikia gurudumu linadunda kila pale lilipoungana. Isitoshe tairi hizo kuukuu siku hizi zinagombewa na mafundi wa makatambuga.

Ukanda wa dukani ni mwepesi zaidi, wa poliyurethani, plastiki laini inayokunjika. Kama ni plastiki ngumu, ukiikunja inabaki na alama, rudisha. Upana nao uangalie. Mwembamba sana unahama pembeni, mwiba unapita kando yake. Mpana sana unapanda kwenye mashavu ya tairi na kuanza kusaga tyubu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana wengi wanaoniletea malalamiko ya ukanda, ukanda wenyewe ndio uliowatoboa. Mwiba haukuhusika. Ile ncha inapopandana na mwenzake, inasugua tyubu kila gurudumu linapozunguka, mwezi mmoja au miwili, mpaka inatoboa. Utaona tundu kama mkwaruzo mwembamba. Mimi nafanya hivi. Ncha zote mbili nazikata kwa mduara, nazipiga msasa mpaka ukipitisha ulimi huzisikii. Pale zinapopandana nafunga utepe wa kitambaa, na napaweka mbali na valvu. Ndani ya tairi napitisha pamba kwanza. Pamba ikinasa, kuna mwiba umebaki, na huo ndio unaokupa pancha ya pili jioni ileile. Kisha napaka poda ya mtoto ili tyubu iteleze badala ya kusagwa. Najaza upepo kidogo tu, nazungusha gurudumu, natazama kama ukanda umekaa katikati, ndipo najaza wote.

Mtu akikuwekea kwa dakika tano, ujue hajapiga msasa.

MamaMtindi

Shikamoo fundi. Mimi niko Pasua, Moshi, napeleka mtindi Mbuyuni na Kiboriloni. Ukanda sijawahi, mimi ni wa dawa.

Nilianza na ile nyeupe ya utomvu wa mpira. Ilifanya kazi vizuri, lakini Moshi mnaijua jua lake, na baiskeli yangu inashinda nje. Baada ya miezi mitatu nilipofungua tyubu nikakuta utando umekauka na kigololi kama cha kuchezea watoto. Nikahamia ile ya kijani yenye nyuzinyuzi ndani, inayotengenezwa kwa ajili ya tyubu. Hiyo inakaa, kwenye chupa wanasema hadi miaka 2. Chupa ya nusu lita imetosha magurudumu yote mawili. Unachohitaji ni valvu kama ya gari au pikipiki, ile ambayo kisindano chake kinafunguka, unatoa kisindano, unamimina, unarudisha. Mota haiguswi, nati haiguswi. Mwanamke ukiwa peke yako na madumu barabarani, hilo ni jambo kubwa.

Siku moja nilipita kwenye kiwanja kikavu nyuma ya nyumba, nikachomoa mbigili kumi na moja kutoka tairi la nyuma. Kila nikichomoa nasikia fss, nazungusha tundu liwe chini, inanyamaza. Nikafika Mbuyuni.

Ubaya wake: tundu likizidi milimita 3 hivi, haizibi, inakurushia maji ya kijani mpaka mgongoni. Na ukimpelekea fundi tyubu yenye dawa, kiraka hakishiki mpaka aioshe na kuikausha kabisa. Wa kwangu sasa akiniona ananiuliza kwanza, "Mama, ina uji au haina?"

Kisongo_Vumbi

Dada, mbigili ni mtoto mdogo. Njoo upande wa Kisongo na Monduli, mgunga ukusalimie. Ule mwiba mweupe mrefu wa sentimita tano, sita, ukiingia wima unapita tairi, unapita ukanda, unapita tyubu, unaweza kutokea upande wa pili. Nasindikiza wageni kwa baiskeli za umeme huko, kwa hiyo nasema nilichokiona. Ukanda unapunguza pancha, hauzimalizi. Tunaweka vyote viwili: ukanda unazuia vidogo, dawa inashughulikia kinachopenya kwa ncha tu.

Kuna adui mwingine hamjamtaja, vile viwaya vyembamba kama unywele. Matairi ya malori yakipasuka, nyaya zake zinabaki kwenye bega la barabara. Bypass ya Ngaramtoni hadi Usa River, ukipita pembeni, utazijua. Kiwaya kinaingia taratibu, hukioni, upepo unapungua usiku. Unaziba, kesho tena, kwa sababu kimebaki ndani ya mpira. Kwa viwaya hivyo, ukanda nauheshimu kuliko kitu kingine chochote.

Mvua nazo msizisahau. Mpira ukilowa, chupa inaukata kirahisi. Vuli ikianza tu, pancha za vioo zinaanza.

Spana18

Mnazunguka mbuyu. Nunua tairi lenye kinga yake, umalize. Mimi nina Schwalbe Marathon Plus, ndani yake kuna tabaka la mpira la milimita 5 lililoshikana na tairi lenyewe. Halihami, halina ncha, halisugui. Nimesahau pampu niliiweka wapi.

Meru4566

Umelipata wapi hapa Arusha?

Spana18

Shemeji alikuja nayo kutoka Ujerumani, kwenye begi.

Meru4566

Haya, wote tukaoe dada za watu walioko Ujerumani. Sikatai kwamba ni tairi zuri, pengine ndilo bora kuliko yote yaliyotajwa hapa. Ila ni zito, ni gumu kulivalisha hata fundi akiwa na hasira, na halina meno. Mwenye uzi anakaa Moshono. Masika, barabara za ndani zikiwa tope, atateleza nalo mpaka kwa jirani.

Tyubu nene nilitumia mwaka mzima. Inasaidia mbigili, mgunga unaicheka tu, na uzito wake unausikia ukipiga pedali betri ikiisha. Ukanda ni gramu mia na kitu kwa gurudumu, mota haijali. Matairi yasiyo na upepo usiguse. Kila shimo linaingia moja kwa moja kwenye spoki na ekseli, na kwenye mota ya nyuma ndiko spoki zinakobeba mzigo wote. Na mayai je?

Fundi_Kilombero

Marahaba mama, samahani nimechelewa kuitikia, nilikuwa na mteja.

Mwanangu wa Moshono, kuna kitu nimekisoma kikanishangaza. Kwa nini unang'oa gurudumu la nyuma? Pancha haihitaji kung'oa gurudumu. Laza baiskeli upande, toa upepo, fungua tairi upande mmoja tu, vuta tyubu pale ulipoona mwiba, ziba, rudisha. Mota unaiacha na waya zake. Ukiwa na ukanda, uvute nje kidogo pale, kisha uhakikishe umerudi katikati. Gurudumu linang'olewa siku ya kubadilisha tyubu au tairi, basi. Na hata hapo zipo tyubu zenye ncha mbili, hazijaungana kama duara, unazipitisha bila kung'oa chochote. Ni nadra hapa, lakini zipo.

Nani alikufundisha kung'oa?

MoshonoKwetu

Niliona kwenye video, fundi.

Fundi_Kilombero

Haya.

MoshonoKwetu

Nimerudi wakuu, wiki sita sasa. Nilikwenda kwa yule fundi wangu, nikamkuta bado ana tyubu zangu tatu zilizoshindikana. Moja imepasuka kwenye shina la valvu, kama mlivyosema. Moja ina meno ya nyoka. Ya tatu ina viraka vinne, vyote upande wa barabara. Kumbe nilikuwa na magonjwa matatu na nilitaka kununua dawa ya moja.

Nimenunua pampu yenye geji kwanza. Upepo wa nyuma ulikuwa PSI 22, tairi limeandikwa PSI 40 hadi 65. Naweka 45 kila Jumatatu. Kisha nikaweka ukanda gurudumu la nyuma peke yake, nikapiga msasa mpaka mke wangu akauliza natengeneza kijiko. La mbele sikuweka kitu, hela iliisha kwenye pampu.

Nyuma, hakuna pancha hata moja hadi leo. Nilifungua juzi kuangalia ncha: tyubu ina alama nyeupe kidogo pale ukanda unapopandana, haijachubuka. Nimeongeza utepe. Chaji sioni tofauti.

Mbele nimepata moja, Jumamosi, mteremko wa Kijenge, mbigili. Dawa ya Mama nitaimimina huko wiki hii.

MamaMtindi

Pole kaka. Na mayai?

MoshonoKwetu

Trei moja. Yaliyobaki mazima niliuza, yaliyopasuka tulikula na fundi pancha, maana alikuwa na jiko.