Osiloskopu ipi ya bei nafuu inafaa kutengenezea mashine za LaserDisc?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za leo. Nina mashine mbili za LaserDisc (diski kubwa za video zinazosomwa kwa leza) za mfumo wa PAL, yaani wa televisheni ya Ulaya, zote za miaka ya 1990, nilizozinunua hapa Ujerumani zikiwa mbovu. Ya kwanza inacheza, lakini picha imejaa vidoa vyeupe. Ya pili huizungusha diski kwa sekunde chache kisha huisimamisha. Mwongozo wa ufundi hunitaka niunganishe osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) kwenye sehemu ya kupimia RF, yaani wimbi linalotoka kwenye kisomeo cha leza, karibu katika kila rekebisho, nami kifaa hicho sina. Bajeti yangu ni yuro 400, na nimebaki na machaguo matatu: Hameg HM203 ya analogi iliyokwishatumika, yenye megahezi 20 (upeo wa masafa inayoweza kupima), Hantek DSO2C10 ya kidijitali, yenye chaneli mbili na megahezi 100, na Rigol DS1054Z, yenye chaneli nne na megahezi 50. Je, nifuate wingi wa megahezi, au kuna jambo jingine la kutazama kwanza?

Fundi wa zamani

Ndugu yangu, tuanze na mawimbi yenyewe, kwa sababu ndiyo yatakayokuchagulia kifaa. Katika LaserDisc picha huandikwa kwa FM, yaani kwa kubadilisha masafa ya wimbi: kwa PAL, ncha ya sinki (ishara ya kupanga mistari ya picha) iko kwenye megahezi 6.76 na weupe kamili kwenye 7.9, kwa NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) ni 7.6 na 9.3. Sauti ya analogi ya NTSC iko chini zaidi, kwenye 2.3 na 2.8. Kwa hiyo megahezi 50 zinatosha kabisa, na 100 ni ziada isiyodhuru. Hata HM203 hupunguza kimo cha wimbi la megahezi 8 kwa chini ya asilimia 10, na hilo halikuzuii kufanya kazi, maana unapokaza au kulegeza skrubu ya kurekebishia RF unatafuta kilele, hutafuti volti kamili. Nisichokubali ni vile vifaa vidogo vya kuunga mwenyewe, kama DSO138, ambavyo upana wake ni kilohezi 200 tu: vitakuonyesha mwendo wa servo (saketi zinazoongoza lenzi na mota), lakini RF ya diski hutaiona.

Naomba pia uitazame swichi iliyo ubavuni mwa probu, ule waya wa kupimia wa osiloskopu. Ukiiacha kwenye ×1 (wimbi hupita bila kugawanywa), probu nyingi hushuka hadi megahezi 6 hivi, yaani chini ya wimbi unalotaka kulipima, na juu ya hayo kapasitansi ya waya huilemea saketi. Nimewaona vijana wakilaumu leza kwamba imechoka, kumbe ni swichi hiyo. Weka ×10 (wimbi hugawanywa kwa kumi), kisha uisawazishe probu kwa wimbi la mraba la osiloskopu yenyewe kabla ya kugusa mashine.

Mpenzi wa analogi

Ningemshauri mwenzetu achukue Hameg. RF ya LaserDisc huonekana kama mkanda mpana wenye kingo mbili, na kwenye kioo cha fosfa (utando unaong'aa) mkanda ule huonekana umejaa, ukikuonyesha palipo pazito na palipo pepesi, nao hufuata bisibisi papo hapo. Hali ya X-Y (ya kuchora wimbi moja dhidi ya jingine) pia ni laini sana. Nakiri kwamba chombo cha umri huo huenda kikahitaji kapasita mpya katika sehemu ya umeme, kwa hiyo mwombe muuzaji akiwashe kwa nusu saa mbele yako kabla hujatoa fedha.

Mhandisi wa video

Nimekitumia chombo cha analogi kwa miaka mingi, na sifa alizozitaja mwenzangu ni za kweli. Hata hivyo, vidoa vyeupe ni RF inayokatika kwa muda mfupi mno, na chombo cha analogi hakina kumbukumbu ya kulishika tukio la namna hiyo. Diski ya CAV (ya kasi moja ya mzunguko) ya PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 40. Osiloskopu ya kidijitali yenye kumbukumbu ya pointi 40,000, ikijaribu kuushika mzunguko wote, hubaki na sampuli milioni 1 tu kwa sekunde, na wimbi la megahezi 7 hugeuka kuwa mchoro wa uongo. Rigol ina pointi milioni 12 na Hantek milioni 8. Zote mbili zinaweza kuushika mzunguko mzima kisha ukausogelea mkato mmoja mmoja. Kati ya hizo mbili mimi ningechukua Rigol, kwa ajili ya chaneli nne: RF, kosa la fokasi (ulengaji wa leza), kosa la trakingi (ufuataji wa njia ya diski) na volti ya mota ya diski, vyote kwenye skrini moja. Kwa ile mashine inayosimama yenyewe, kujua ni kipi kilichotangulia kuanguka ni nusu ya kazi.

Kuna tahadhari mbili. Usiubane waya wa erthi wa probu upande wa msingi wa sehemu ya umeme, yaani ule uliounganishwa na umeme wa ukutani, kwa sababu utafanya shoti. Tena, leza ya mashine nyingi za miaka ya 1990 haionekani kwa macho, basi usiichungulie lenzi.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote. Nimenunua Rigol, na probu ilitoka katika boksi ikiwa kwenye ×1, kama Fundi alivyoonya. Niliweka diski ya CAV, nikaurefusha muda wa skrini ya osiloskopu hadi milisekunde 60, nikaugandisha mchoro. Mkanda wa RF ulikuwa na pengo jembamba, na baada ya milisekunde 40 kamili pengo lile lile likarudi mahali pale pale pa mzunguko. Nilipoigeuza diski kwenye mwanga wa taa niliona mkwaruzo mmoja uliotoka katikati kuelekea ukingoni. Nilipoweka diski nyingine, pengo halikuwapo na vidoa vilitoweka. Mashine ya kwanza, basi, haikuwa na ubovu. Ya pili nitaifungua Jumamosi, nikiwa na chaneli zote nne, na nitaleta picha za mawimbi hapa.